Mwami Mwezi Gisabo: Mikuki Mingi, Nyumba Moja Iliyogawanyika

Katika toleo hili tumeona vema tuwasimulie watoto wetu, hasa waliozaliwa hapa makazini, habari za Mwami Mwezi Gisabo. Hawajaiona Mushasha ya Gitega wala vilima vya Muyinga, lakini historia hii ni yao.

Mwezi alikuwa mwana wa Ntare Rugamba, mwami aliyeipanua Burundi kwa vita. Alirithi ufalme katikati ya karne ya 19 akiwa bado mtoto, na kaka yake Ndivyariye akamshikia utawala. Alipokua, ilimbidi apigane na kaka yake huyo huyo ili atawale mwenyewe.

Wakati ule vita ilipotokea, baganwa waliita wanaume kutoka kila kilima, wakaja na mikuki, pinde na mishale. Kwa silaha hizo, katika miaka ya 1880, Warundi walimrudisha nyuma Rumaliza, mfanyabiashara wa watumwa wa Ujiji, ingawa watu wake walikuwa na bunduki.

Adui wa mbali alishindwa. Wa nyumbani je? Maconco, mkwe wa Mwami, aliasi; wazee husimulia kwamba ugomvi wao ulianzia kwa mbwa. Kaskazini magharibi, Kilima naye alijitangaza kuwa wa damu ya Ntare. Wajerumani walipokuja kumpiga Mwezi mwaka 1903, wakiongozwa na Kapteni von Beringe, wote wawili walikuwa upande wao. Tarehe 6 Juni 1903, pale Kiganda, Mwami aliinamia utawala wa Wajerumani, akatozwa ng'ombe 424, na kulazimishwa kuwatambua waasi wale.

Walifaidi nini? Wajerumani waligeuka. Beringe alilaumiwa na wakubwa wake, na mwaka 1905 Mwezi akatambuliwa kuwa mwami wa Burundi yote. Mwaka huo huo Maconco aliuawa, na baadaye Kilima akapelekwa uhamishoni. Mwezi alifariki Agosti 1908. Nchi ilibaki chini ya wageni hadi mwaka 1962.

Wapendwa, sisi tunajua uhamisho ni nini. Tunapogombana bombani au kwenye mpaka wa shamba, tumkumbuke mbwa yule. Bwana Yesu alikwisha kutuonya juu ya nyumba iliyogawanyika. Tupatane mapema, kabla jirani hajaja kutuamulia.