Cicero na Suala la Sheria: Athens, Roma na Nyanda za Juu za Kigoma

Marcus Tullius Cicero alizaliwa Arpinum, kusini-mashariki mwa Roma, tarehe 3 Januari 106 KK. Hakutoka katika ukoo wa watawala. Alipanda ngazi kwa uwakili. Mwaka 79 KK alikwenda Athens kusoma falsafa, na mwaka 70 KK alimshitaki Verres, gavana aliyewapora watu wa Sicily.

Huko Athens alirithi mjadala mkongwe. Plato aliwahi kumkabidhi dola mtawala mwanafalsafa, kisha uzeeni akawafanya watawala kuwa watumishi wa sheria. Naye Aristotle alipendelea utawala wa sheria kuliko wa mtu, kwa kuwa sheria haina tamaa. Hata hivyo, kwa wote wawili sheria ilikuwa hasa ya raia wa mji-dola. Wastoa ndio waliovuka mpaka huo, wakidai kuwa akili ni ya wanadamu wote. Cicero aliichukua hoja hiyo na kuiunganisha na taratibu za mahakama za Kirumi.

Maisha yake yaliipima hoja hiyo. Mwaka 63 KK, akiwa konsuli, aliamuru washirika watano wa Catilina wanyongwe bila kuhukumiwa na mahakama. Mwaka 58 KK Clodius alipitisha sheria dhidi ya yeyote aliyemuua raia kwa namna hiyo. Cicero akakimbilia Thessalonica, na nyumba yake ikabomolewa. Alirejea mwaka 57 KK, na baadaye akaandika kuhusu jamhuri, sheria na wajibu. Tarehe 7 Desemba 43 KK aliuawa kwa amri ya Antonius, Octavianus na Lepidus, naye pia bila kesi.

Swali lake halikufa naye. Huko Kasulu na Kibondo, ambako mamlaka ya kisheria ya abami wa Heru na Muhambwe yalikoma mwaka 1963, kambi za Nyarugusu na Nduta ziliwapokea Wakongo na Warundi waliopoteza ulinzi wa dola zao. Kwa hoja ya mji-dola, haki ya mtu kama huyo haina makao. Kwa hoja ya Cicero, inamfuata aendako. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969, unaokataza kumrudisha mkimbizi penye hatari, unaelekea upande wa Cicero. Lakini kisa chake kinaonya kwamba sheria ya wote, isipopata mahakama ya kuisimamia, haimwokoi hata mwalimu wake.