Allen Whipple: Kisu, na Swali Linalotangulia Kisu

Najua mtashangaa mtu wa uhandisi kuwaletea habari za daktari. Sababu ni hii. Mwaka jana mama yangu mdogo alipigwa picha ya tumbo kwa ajili ya jambo jingine kabisa, wakamkuta na uvimbe wenye ute kwenye kongosho. Nyumbani wakanipigia simu, maana kwao aliyesoma amesoma yote! Swali lilikuwa moja tu: akatwe au asikatwe? Sikuwa na jibu. Nikaanza kusoma, na kila nilikogusa nikakutana na jina la Whipple.

Allen Oldfather Whipple alizaliwa mwaka 1881 huko Urmia, Uajemi, yaani Iran ya leo, kwa wazazi wamisionari wa Kimarekani. Kwa hiyo naye, kama sisi, alikulia kwingine akasomea kwingine. Alimaliza Princeton mwaka 1904, akapata udaktari Columbia, New York, mwaka 1908. Kuanzia 1921 hadi 1946 alikuwa profesa wa upasuaji hapo hapo Columbia.

Kongosho si mahali pa mchezo. Limejificha nyuma ya tumbo, kichwa chake kimekumbatiwa na utumbo, na mishipa mikubwa ya damu inapita jirani. Mjerumani Walther Kausch alikata kichwa hicho mwaka 1909, lakini ni wachache sana waliothubutu kumfuata. Mwaka 1935 Whipple na wenzake walitangaza habari za wagonjwa watatu waliopasuliwa kwa awamu mbili. Wa kwanza alifariki upesi. Nyuzi za kushonea zilitengenezwa kwa utumbo wa mnyama, na vimeng'enya vya kongosho viliziyeyusha kama vinavyoyeyusha nyama tunayokula. Whipple akahamia nyuzi za hariri. Mwaka 1940 akafanya kazi yote kwa mara moja, na hadi leo upasuaji huo unaitwa kwa jina lake. Unaondoa kichwa cha kongosho, mwanzo wa utumbo mwembamba, mfuko wa nyongo, na mara nyingi kipande cha tumbo.

Lakini mimi kilichonigusa zaidi si kisu chake. Kuna uvimbe mwingine wa kongosho unaomwaga insulini ovyo, mtu anatetemeka, anachanganyikiwa, hata kuzimia. Miaka ile watu wenye dalili za namna hiyo walikuwa wengi, na si wote waliokuwa na uvimbe. Whipple akaweka masharti matatu kabla ya kumpasua mtu: dalili zitokee akiwa na njaa, sukari ya damu ipimwe ikutwe chini, na akipewa sukari apone papo hapo. Likikosekana moja, kisu kinabaki mezani.

Hata Virginia Apgar, aliyejifunza upasuaji chini yake, ni Whipple aliyemshauri ahamie fani ya nusukaputi. Huyo ndiye aliyechapisha mwaka 1953 alama za kumpima mtoto mchanga, zile tulizopewa wengi wetu siku ya kuzaliwa.

Sasa turudi kwa mama mdogo. Uvimbe wenye ute unaweza kukaa kimya miaka mingi, na unaweza kugeuka saratani. Ukikata kila mmoja, utawapasua bure watu wengi. Hata kwenye hospitali zenye uzoefu mkubwa bado wapo wanaofariki, na wengine hubaki na kisukari. Ukingoja sana, saratani ya kongosho haisamehi. Basi madaktari wa leo wanafanya alivyofanya Whipple, wanauliza kwanza. Je, macho yamekuwa ya manjano? Mfereji mkuu wa kongosho umefika milimita 10? Ndani ya uvimbe kuna kinundu cha milimita 5 au zaidi kinachopitisha damu? Hizo ni dalili nzito, na mwenye nazo kwa kawaida hupelekwa kwenye upasuaji kama mwili wake unaweza kuhimili. Uvimbe ukifika sentimita 3, au mfereji ukiwa kati ya milimita 5 na 9, wanachunguza zaidi. Sisi wahandisi tunajua kwamba kipimo kama hicho hukosea pande zote mbili, ila ni bora kuliko kubahatisha.

Mama mdogo hakuwa na hata dalili moja kati ya hizo. Hajakatwa, anarudi kupimwa kila baada ya miezi kadhaa, na kila tarehe ikikaribia hakuna anayelala vizuri kwetu.

Whipple alifariki mwaka 1963 huko Princeton, akiwa na miaka 81. Wenzangu, siku mkipigiwa simu kama yangu, msikimbilie kusema akatwe au asikatwe. Ulizeni kwanza vipimo: uvimbe una ukubwa gani, mfereji una upana gani, na ndani mna nini. Halafu mtafuteni daktari anayelijua kongosho.