Mikhail Tsvet: Alitenganisha rangi za majani kwa unga wa chaki, akafa kabla dunia haijamwelewa

Kwa Kirusi, neno tsvet maana yake ni rangi. Mikhail Tsvet alizaliwa na jina hilo, na rangi ndizo zilizokuja kumpa umaarufu. Ila zilichelewa sana.

Alizaliwa mwaka 1872 mjini Asti, Italia. Baba Mrusi, mama Mwitaliano. Mama alifariki muda mfupi tu baada ya kujifungua, mtoto akakulia Uswisi. Alisoma Geneva hadi akapata udaktari mwaka 1896.

Akaenda Urusi, nchi ya baba yake, kutafuta maisha. Shida ikaanzia hapo: shahada yake ya Uswisi haikutambuliwa. Yaani daktari mzima akalazimika kusoma tena, akapata shahada ya Kirusi mjini Kazan mwaka 1901. Waliosoma nje wanaijua hadithi hii.

Baadaye alihamia Warsaw, iliyokuwa chini ya Urusi wakati huo. Swali lililomsumbua lilikuwa rahisi kulisema: ile rangi ya kijani ya majani ni kitu kimoja au ni mchanganyiko?

Alichukua bomba la kioo, akalishindilia unga wa chaki. Juu yake akamimina rangi iliyokamuliwa kwenye majani, kisha akaendelea kumwagia kimiminika chepesi kitokanacho na petroli. Rangi zikaanza kuachana zenyewe. Ni kama watu wanaopita sokoni: mmoja anasimama kila kibanda, mwingine anapitiliza. Inayonata sana kwenye chaki hubaki nyuma, isiyonata hutangulia. Kwenye bomba ikatokea mistari ya njano na ya kijani, na kijani chenyewe kumbe kilikuwa cha aina mbili.

Alieleza kazi hiyo kwenye mhadhara mwaka 1903. Mwaka 1906 akaichapisha kwa Kijerumani na kuipa jina: kromatografia.

Wakubwa wa kemia hawakumwelewa. Walidhani chaki ndiyo inayoharibu rangi na kuzaa vitu vipya. Mmoja wa waliotilia shaka njia hiyo, Richard Willstätter, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1915 kwa utafiti wa rangi hizo hizo za mimea. Inauma kidogo.

Mwaka huohuo wa 1915 Wajerumani waliiteka Warsaw. Tsvet akawa mtu wa kuhamahama: Moscow, Nizhny Novgorod, Yuryev, na mwisho Voronezh. Mwaka 1918 jina lake lilipendekezwa kwa Nobel, hakupewa. Alifariki Juni 1919, mgonjwa, akiwa na miaka 47 tu.

Njia yake ilifufuliwa mwaka 1931 mjini Heidelberg. Edgar Lederer, aliyekuwa akifanya kazi na Richard Kuhn, alisoma tafsiri ya kitabu cha Tsvet iliyokuwa mikononi mwa Willstätter, yule yule, akajaribu, ikakubali.

Lakini bomba la Tsvet lilikuwa na kasoro moja kubwa kwa kiwanda: unamimina, unasubiri, unatoa, unaanza upya. Ingefaa unga upande juu huku kimiminika kikishuka, kazi isisimame. Tatizo ni kwamba unga ukisukumwa husagika.

Mwaka 1961 Marekani ilitoa hataza kwa Broughton na Gerhold wa kampuni ya UOP, waliopata ujanja. Unga unabaki palepale, umegawanywa kwenye vyumba vilivyounganishwa kama duara. Kinachohama ni sehemu ya kuingizia mchanganyiko na sehemu za kutolea bidhaa, valvu zikifunguka na kufunga kwa zamu, hatua kwa hatua. Matokeo ni kama unga ndio unaotembea. Mchanganyiko unaingia bila kukoma, kilichonata kinatokea upande mmoja na kisichonata upande wa pili.

Viwanda hutumia njia hiyo kutenga sukari ya fruktosi na glukosi, na kupata parazailini, malighafi ya nguo za poliesta na ya chupa ya plastiki unayonywea maji.