Poul la Cour, mwalimu aliyehangaika na upepo

Upepo hautabiriki. Saa hii unavuma kwa nguvu, baadaye kidogo umelala. Kinu cha kusaga nafaka huvumilia, lakini dinamo haivumilii: ikizungushwa polepole taa hufifia, ikizungushwa mno taa huungua. Leo tunamkumbuka Mdenmark aliyepambana na tatizo hilo zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Poul la Cour alizaliwa mwaka 1846. Alisomea hali ya hewa, akapanda hadi kuwa naibu mkuu wa taasisi ya hali ya hewa ya Denmark. Mwaka 1878 aliacha cheo hicho akaenda kufundisha vijana wa mashambani katika kijiji cha Askov. Umeme ulipoanza kuwaka mijini, yeye aliwawazia wakulima walioachwa gizani.

Mwaka 1891, kwa msaada wa fedha za serikali, alijenga kinu cha kuzalisha umeme. Ili dinamo isiyumbe na upepo alibuni kifaa alichokiita kratostati, mfumo wa mikanda na uzito uliopunguza misukosuko ya kasi. Lakini je, upepo ukikoma? Hapo alitumia umeme kuyatenganisha maji, akahifadhi hidrojeni kwenye tangi. Tangu 1895 hadi 1902 taa za shule ziliwaka kwa gesi hiyo. Haikuwa kazi salama: oksijeni kidogo ikipenya gesi ililipuka, na madirisha ya shule yalibadilishwa zaidi ya mara moja. Tunashangaa kwamba wenzake walimvumilia! Baadaye betri zikachukua nafasi.

Mwaka 1904 alianza kuwafundisha mafundi umeme wa vijijini. Mmoja wao, Johannes Juul, ndiye aliyejenga mtambo wa Gedser mwaka 1957, wa kilowati 200. La Cour hakuuona, kwani alifariki mwaka 1908. Kufikia 1918 vituo vya umeme vya vijijini kama 120 nchini Denmark vilikuwa na mitambo ya upepo.

Mtambo wa Juul ulizunguka kwa kasi karibu ileile wakati wote. Mitambo mingi ya sasa imegeuza hesabu: mapanga huachwa yaongeze na kupunguza kasi kufuatana na upepo, kisha vifaa vya elektroniki hurekebisha umeme kabla haujaingia kwenye gridi. Mitambo 365 iliyo karibu na Ziwa Turkana, Kenya, iliyozinduliwa rasmi mwaka 2019, ni ya aina hiyo. Aliyeiuza ni Vestas, kampuni ya Denmark.