Bwana Grzimek na Sokwe wa Rubondo

Sisi wa Rugu tunawajua wanyama wa porini kwa majina yao na kwa hasara wanazotutia mashambani. Lakini bustani ya wanyama, mahali ambapo watu hulipa fedha kumtazama simba aliyefungiwa, hatuna. Kwa hiyo nataka kuwaelezeni habari za mkuu wa bustani moja mashuhuri ya Ulaya, aliyewatoa sokwe vizimbini akawaleta katika kisiwa cha Ziwa Viktoria, upande wetu huu wa magharibi.

Mtu huyo ni Bernhard Grzimek. Alizaliwa tarehe 24 Aprili, 1909, mjini Neisse, ambao siku hizo ulikuwa wa Ujerumani na sasa ni wa Polandi. Alisomea uganga wa wanyama. Mwaka 1945, vita vikiwa vinakwisha, alishika usimamizi wa bustani ya Frankfurt. Mabomu yalikuwa yameiharibu vibaya, na wanyama waliosalia walikuwa wachache mno. Yeye akaleta sarakasi na michezo ndani ya ua ili watu waingie na fedha zipatikane. Bustani ikasimama tena, naye akaiongoza mpaka mwaka 1974.

Baadaye yeye na mwanawe Michael walikuja Serengeti kwa eropleni iliyopakwa rangi mistari kama punda milia. Serikali ya Waingereza ilikuwa ikitaka kubadili mipaka ya hifadhi, nao wakaona ni lazima kwanza wanyama wahesabiwe na njia zao zijulikane. Walihesabu zaidi ya 360,000. Tarehe 10 Januari, 1959, Michael akiruka peke yake, eropleni iligongana na tumbusi ikaanguka. Alikuwa na umri wa miaka 24. Alizikwa ukingoni mwa Ngorongoro. Baba yake aliimaliza kazi ile, na sinema yao ya Serengeti ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960.

Hapa sina budi kusema neno. Bwana Grzimek aliamini kwamba hifadhi isikaliwe na watu, hata wenyeji wenyewe. Wamasai wa Serengeti walihamishwa mwaka 1959. Mimi ni mtoto wa wafugaji, na kila nisomapo sifa zake hukumbuka ng'ombe wale waliotolewa katika malisho yao. Hata Rubondo, kabla ya wanyama kuletwa, wavuvi waliokuwa wakiishi kisiwani walihamishwa.

Sasa habari ya sokwe. Kati ya mwaka 1966 na 1969 sokwe 17 kutoka bustani mbalimbali za Ulaya waliachiwa Rubondo. Walizaliwa msituni, wakanaswa, na baadhi yao walikaa vizimbini miaka mingi wakiletewa chakula na watu. Walisafirishwa kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha bara mpaka ziwani. Fikirini, mnyama aliyezoea sahani anafunguliwa mlango mbele ya msitu! Baadhi yao hawakumwogopa mtu hata kidogo, wakawa wakali, wakashambulia watu. Lakini wengine walijifunza polepole. Wakala matunda ya msituni, wakajitengenezea vitanda vya majani juu ya miti, wakazaa.

Wanyama wengine pia waliletwa kisiwani, wakiwamo tembo, twiga na vifaru. Vifaru walikuwa 16, nao wamekwisha wote kwa majangili.

Grzimek alifariki Frankfurt tarehe 13 Machi, 1987, akiwa katika sarakasi akitazama mchezo wa chui milia. Majivu yake yaliletwa Ngorongoro yakazikwa karibu na mwanawe. Rubondo ilikwisha kuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977. Sokwe wake sasa ni wengi kuliko wale 17, nao ni wajukuu na vitukuu wasiojua kizimba ni nini. Wageni hupanda mashua na kutembea msituni kutwa nzima kuwatafuta, na mara nyingine hurudi bila kuwaona.