GEORGE WESTINGHOUSE NA BREKI ZA UPEPO

George Westinghouse alizaliwa tarehe 6 Oktoba, 1846, katika kijiji cha Central Bridge, jimbo la New York, Marekani. Baba yake alikuwa na kiwanda cha mashine za kilimo, na mtoto huyo alipenda kushinda kiwandani kuliko darasani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuwa vikiendelea aliingia jeshini angali kijana. Baada ya vita alikwenda Chuo cha Union, akakaa miezi mitatu tu, akarudi kiwandani. Walimu wetu wanisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Siku zile kulisimamisha gari la moshi kulikuwa kazi ngumu kuliko kuliendesha. Dereva alipiga filimbi, na wafunga breki wakakimbia kutoka behewa hadi behewa, wakizungusha gurudumu la mkono la kila moja. Katika treni za mizigo walikimbia juu ya mapaa, usiku na mchana, katika mvua na theluji. Wengi walianguka wakafa. Westinghouse mwenyewe alipata kuona treni mbili za mizigo zilizogongana mchana kweupe, mahali ambapo reli imenyoka. Madereva walionana tangu mbali, ila hawakuweza kusimama kwa wakati.

Basi akatafuta njia ya kumpa dereva breki zote mkononi mwake. Alifikiri minyororo, akafikiri mvuke, lakini mvuke hupoa ukawa maji katika bomba refu. Kisha akasoma gazetini habari za mafundi waliokuwa wakitoboa milima ya Alps, baina ya Ufaransa na Italia, kwa mashine zilizoendeshwa na hewa iliyoshindiliwa katika mabomba. Hapo akapata jibu. Mwaka wa 1869, akiwa na umri wa miaka 22, alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wake.

Husimuliwa kwamba katika safari ya kwanza ya majaribio, huko Pittsburgh, mwenye mkokoteni wa farasi alianguka juu ya reli mbele ya treni. Dereva akafungulia hewa, abiria wakarushwa kutoka vitini, na injini ikasimama hatua chache tu kabla ya kumfikia.

Mtu mwingine angalitosheka. Lakini breki ile ilikuwa na kasoro kubwa: hewa ilipelekwa kwenye magurudumu pale tu ilipohitajiwa. Mpira ukipasuka, au mabehewa ya nyuma yakikatika, hakuna breki tena. Mwaka wa 1872 Westinghouse aliigeuza kazi yote juu chini. Kila behewa lilipewa tangi lake la hewa na vali yake, na bomba kuu likajazwa hewa muda wote wa safari. Bomba likijaa, breki hufunguka. Dereva akiipunguza hewa, au mpira ukipasuka, vali huiachia hewa ya tangi iende kwenye breki, nazo hujifunga zenyewe. Ubovu wenyewe ndio unaoisimamisha treni! Najua wengi humsifu zaidi kwa kazi ya umeme aliyoifanya pamoja na Nikola Tesla. Mimi naliweka jambo hili la 1872 mbele.

Makampuni ya reli hayakuharakisha kuzifunga breki hizo katika treni za mizigo, maana gharama ilikuwa kubwa. Mwaka wa 1893 serikali ya Marekani ilitunga sheria ya kuwalazimisha.

Mabasi na malori yetu makubwa nayo yana breki za upepo. Ule mlio wa pssss mnaousikia basi likisimama stendi ni hewa inayotoka. Breki ya kuegesha ina springi yenye nguvu, na hewa ndiyo inayoizuia; hewa ikiisha, springi hufunga gurudumu. Ndiyo sababu dereva huungurumisha injini alfajiri huku abiria wakinung'unika: anangoja matangi yajae. Hata magari madogo ya siku hizi yana kifaa cha kulishikilia gari mlimani lisirudi nyuma, dereva akiisha kuondoa mguu kwenye pedali. Lakini vyombo hivi vina mpaka wake. Breki zikisha kuungua katika mteremko mrefu kwa sababu dereva hakutia gia ndogo tangu juu, tangi lililojaa hewa haliwezi kumwokoa mtu.

Mwaka wa 1907 misukosuko ya fedha ilimpokonya Westinghouse mamlaka katika kampuni yake ya umeme, na mwaka wa 1911 akaachana nayo kabisa. Alifariki New York tarehe 12 Machi, 1914, akazikwa Arlington, katika makaburi ya askari, kwa ajili ya vita vile alivyopigana ujanani.