Maisha ya Louis Braille, Mwalimu wa Wasioona

Katika mji wa Dar es Salaam, si mbali na soko la Kariakoo, iko shule ya msingi iitwayo Uhuru Mchanganyiko. Humo hufundishwa watoto waonao na wasioona, na pamoja nao watoto wenye ulemavu wa akili, na wengine walio viziwi na vipofu kwa pamoja. Mtoto asiyeona asomapo kitabu chake, vidole vyake hupita juu ya karatasi nene yenye vijinundu vingi, navyo kwa Kiswahili huitwa nukta nundu. Wengi wetu tumepata kuviona. Lakini ni wachache wajuao ya kuwa vijinundu hivyo vilitungwa na mvulana wa miaka 15, naye mwenyewe alikuwa kipofu, mtoto wa fundi wa ngozi. Habari za mtu huyo ndizo tunazowaletea wasomaji wetu mwezi huu.

Jina lake ni Louis Braille. Alizaliwa tarehe 4 Januari mwaka 1809 katika kijiji cha Coupvray, nchi ya Ufaransa, upande wa mashariki wa mji wa Paris, mwendo wa kilomita 40 hivi. Baba yake, Simon-René, alikuwa fundi wa kushona matandiko na hatamu za farasi. Mama yake aliitwa Monique. Louis alikuwa kitindamimba, na ndugu zake watatu walimtangulia kwa miaka mingi.

Wasomaji wa mjini wawaonao washona viatu wakiketi kando ya njia za Kariakoo wanavijua vyombo vya kazi ile: kisu kikali cha kukatia ngozi, na msharasi wa kuitobolea. Mwaka 1812, Louis alipokuwa na umri wa miaka 3, aliingia karakanani mwa baba yake asipoonekana na mtu, akashika chombo kimojawapo, akajaribu kuifanyia kazi ngozi kama alivyowaona wakubwa wakifanya. Wengine husema kilikuwa kisu, wengine husema msharasi. Kikateleza, kikamchoma jicho. Siku zile hapakuwa na dawa ya kuzuia usaha usienee. Jicho likaharibika, na ugonjwa ukapita hata jicho la pili. Alipotimiza miaka 5 alikuwa haoni kabisa.

Hapo wazazi wake wastahili sifa. Hawakumficha. Baba alimchongea fimbo, akamzoeza kutafuta njia za kijiji kwa kupapasa, na alipokua kidogo akampa kazi ndogo ndogo za ngozi. Sisi tuzoeao kupita nyumba kwa nyumba twajua jinsi mambo yawezavyo kuwa vingine: mgeni apigapo hodi, mtoto wa namna hii hupelekwa chumba cha ndani, na hata wakiulizwa idadi ya watoto, wazazi hawamhesabu.

Mwaka 1815 alifika kijijini padre mpya, Jacques Palluy. Huyu alimpenda mtoto, akawa akimfundisha, akimtambulisha maua kwa harufu yake na miti kwa kuigusa. Kisha akamwendea mwalimu wa shule ya kijiji, Antoine Bécheret, akamwomba ampokee Louis darasani pamoja na watoto waonao. Bécheret alikubali. Fikirini neno hilo. Alikuwa mwalimu wa kijijini, hakufundishwa njia yoyote ya kumfundisha kipofu, na hapana mtu ambaye angalimlaumu kama angalikataa. Akampa mahali pa kuketi, na mtoto akasikiliza. Kwa masikio na kumbukumbu tu akawa miongoni mwa wanafunzi bora wa shule ile.

Lakini saa ya kufungua vitabu ilipofika, na wenzake walipoinamisha vichwa kusoma na kuandika, Louis alikaa na mikono mitupu. Alikuwa darasani, wala hakuwa na la kufanya humo. Mwalimu alikuwa mwema, na wema wake haukuweza kumpa herufi.

Padre na wenzake wakazidi kumtafutia njia, hata wakampatia nafasi katika shule ya vipofu ya Paris. Akaingia huko tarehe 15 Februari 1819, akiwa na umri wa miaka 10. Shule hiyo ilianzishwa na Bwana Valentin Haüy. Mwaka 1771 Haüy aliona katika maonyesho ya mjini Paris kundi la vipofu waliovikwa kofia za wajinga na miwani mikubwa ya bandia, wakaketishwa mbele ya karatasi za muziki wasizoweza kuziona, wakapigishwa vinanda ili watu wacheke. Mambo hayo yalimchoma moyo. Mwaka 1784 akamchukua kijana kipofu, François Lesueur, aliyekuwa akiombaomba mlangoni pa kanisa, akamfundisha kusoma. Na mwaka uliofuata shule ikaanzishwa.

Vitabu vya Haüy vilikuwa na herufi zile zile za waonao, ila zilikuwa kubwa na zimeinuliwa juu ya karatasi ili zipapaswe. Yalikuwa maendeleo makubwa, maana kabla yake wengi walidhani kipofu hawezi kusoma kamwe. Hata hivyo herufi iliyotungwa kwa ajili ya jicho haikipendezi kidole. Msomaji alilazimika kuizunguka kila herufi kwa kidole polepole, na alipofika mwisho wa sentensi mwanzo wake ulikuwa umekwisha kumtoka. Vitabu vilikuwa vizito, vya gharama, na vichache mno. Tena hapakuwa na njia nyepesi ya mwanafunzi kuandika lake mwenyewe. Aliweza kupokea kidogo, hakuweza kujibu.

Mwaka 1821 ililetwa shuleni habari ya Charles Barbier, aliyekuwa zamani afisa wa jeshi la mizinga. Bwana huyo alikuwa ametunga maandishi ya nukta zilizotobolewa, na mtu aliweza kuyaandika kwa kijiti cha chuma chenye ncha. Wanafunzi waliyapapasa wakafurahi, kwa kuwa nukta ilisikika kidoleni kuliko mstari. Ila yalikuwa na kasoro. Alama moja iliweza kuwa na nukta 12, ikawa ndefu kuliko ncha ya kidole. Tena ziliandika sauti tu, bila kufuata tahajia, wala hapakuwa na alama za vituo, wala tarakimu, wala muziki.

Louis alikuwa na miaka 12. Akaanza kuyafanyia kazi yale maandishi usiku wenzake walipolala, na siku za likizo kwao Coupvray. Kufika mwaka 1824, alipokuwa na miaka 15, kazi ilikuwa karibu kutimia. Alikuwa amepunguza nukta kuwa 6, safu mbili za nukta tatu tatu. Kidole huzipata zote kwa mguso mmoja bila kusogea, nazo hutoa alama 63 mbalimbali. Utaratibu wake ni mzuri, hata mtu aweza kuukumbuka baada ya kuelezwa mara moja. Herufi 10 za kwanza, tangu a mpaka j, hutumia nukta 4 za juu tu. Herufi 10 zifuatazo ni zile zile, zikiongezwa nukta ya chini kushoto. Zilizobaki huongezwa na ya chini kulia pia. Herufi ya w, ambayo sisi hatuwezi kuandika neno watu bila hiyo, ilikuja baadaye na haifuati utaratibu huo, kwa sababu Wafaransa wa siku zile hawakuwa na haja nayo. Ajabu nyingine ni kwamba kijiti cha chuma alichokitumia chafanana sana na ule msharasi wa karakana ya baba yake.

Mwaka 1829 alitoa kitabu cha kueleza mwandiko wake kwa maneno, nyimbo na muziki, na ndani yake akakiri wazi ya kuwa mwanzo wake aliupata kwa Barbier. Toleo la pili, lililotengenezwa zaidi, lilitoka mwaka 1837. Wakati huo alikuwa amekwisha kuwa mwalimu kamili katika shule ile ile, tangu mwaka 1833, na jioni akipiga kinanda makanisani mjini. Alifundisha sarufi, hesabu na muziki, na wanafunzi walimpenda kwa upole wake. Lakini nyumba ya shule ilikuwa kuukuu, yenye unyevu mwingi, na kifua kikuu kikamshika kabla hajafikia umri wa miaka 30.

Wako walioogopa kwamba nukta zingewatenga vipofu na watu wengine. Louis mwenyewe aliifikiri hofu hiyo. Mwaka 1839 alitoa njia nyingine, ya kuandika herufi za kawaida kwa kuzipanga nukta nyingi, ili mtoto kipofu aweze kumwandikia mama yake barua, na mama aisome kwa macho yake bila kufundishwa. Rafiki yake Pierre Foucault, naye kipofu, akatengeneza mashine ya kuiandika kwa haraka.

Hata hivyo jambo gumu likaja. Mwaka 1840 shule ilipata mkuu mpya, Armand Dufau. Huyu aliondoa nukta za Braille, akaleta vitabu vipya vya herufi zilizoinuliwa. Husimuliwa ya kuwa vitabu vya zamani vilichomwa moto na vibao vya kuandikia vikachukuliwa. Tusimhesabu kuwa mtu mwovu. Alidhani kwamba mwanafunzi kipofu atumiaye herufi sawa na za wengine atakuwa karibu nao zaidi, na mwalimu aonaye ataweza kumsahihisha bila taabu. Alichokosa ni kuwauliza wale waliosoma kwa vidole. Wanafunzi walijibu bila kuulizwa: wakaendelea kuandikiana nukta kwa siri, wakubwa wakiwafundisha wadogo. Msaidizi wa Dufau, Joseph Guadet, akawatazama, akaona jinsi walivyosoma upesi, akamshawishi mkuu wake abadili nia. Siku ya kufungua nyumba mpya ya shule, mwezi wa Februari 1844, nukta zilionyeshwa mbele ya watu wote, na Guadet akamtaja Louis Braille kwa heshima. Yeye alikuwapo, amekwisha dhoofika.

Alikufa tarehe 6 Januari 1852, siku mbili baada ya kutimiza miaka 43. Magazeti makubwa ya Paris hayakuandika neno. Mwaka 1854 shule yake ilizikubali nukta rasmi, na mwaka 1878 mkutano wa mataifa uliofanyika Paris ukazichagua ziwe maandishi ya wasioona.

Katika nchi yetu, shule ya wasioona ya Buigiri, karibu na Dodoma, ilifunguliwa na Waanglikana mwaka 1950. Miaka miwili baadaye, yaani mwaka 1952, Wafaransa waliuhamisha mwili wa Braille na kuuweka katika Panthéon pamoja na wakuu wa taifa lao. Mikono yake tu ndiyo iliyoachwa Coupvray, kwa ombi la watu wa kijiji. Sisi Walutheri tulianza shule ya Irente, Lushoto, mwaka 1963. Hizo ni shule za wasioona peke yao. Shule kama ile ya karibu na Kariakoo hufuata njia ya Bécheret, ya kuwaketisha wote pamoja, na kuongeza kile ambacho Bécheret hakuwa nacho.

Lakini nyongeza hiyo haiji yenyewe. Kitabu kimoja cha kawaida kikiandikwa kwa nukta nundu huwa vitabu vikubwa kadhaa. Karatasi yake ni nene na ya bei, na mashine ya kuiandikia hutoka ng'ambo. Mtoto aandikishwaye katika shule yoyote ya mtaani, akapewa dawati bila karatasi ile, bila kibao, bila mwalimu azijuaye nukta, huyo amerudishwa katika benchi la Coupvray, hata kama jina lake limo katika daftari la mahudhurio. Na nukta hazimfai kila mtoto. Kiziwi ahitaji lugha ya alama, kama wafundishwavyo watoto wa shule ya viziwi ya Buguruni; mwenye uoni hafifu ahitaji maandishi makubwa na kiti karibu na ubao; mwenye akili nzito ahitaji somo likatwe vipande vidogo na kurudiwa bila kukemewa.

Kwa asiyeona, mambo mengine hayana gharama. Mwalimu aandikapo ubaoni na asome kwa sauti kila neno aliandikalo, maana akionyesha kwa kidole na kusema hiki na kile, amemwacha nje. Umbo la hesabu laweza kutengenezwa kwa uzi uliobandikwa juu ya karatasi ili lipapaswe. Na daftari la mtoto lisahihishwe siku ile ile kama la wenzake, lisingojee mwalimu mwingine. Kuandika kwa kibao huanzia kulia kwenda kushoto, kwa kuwa nundu hutokea upande wa nyuma. Mtoto amalizapo huigeuza karatasi, akaisoma kutoka kushoto kwenda kulia. Mwalimu aonaye aweza kuzisoma kwa macho yake mwenyewe akijifunza. Alama zenyewe ni chache, na kwa Kiswahili hupungua zaidi, kwa sababu q na x hatuzitumii.